Ngara na wasomi wa sera ya mambo ya nje

Mwishoni mwa Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 waliokimbia mauaji na vita nchini mwao walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara, kaskazini magharibi mwa Tanzania, katika muda wa takribani saa 24. Kambi ya Benaco ikazuka kando ya barabara kuu, na si muda wageni wakawa wengi kuliko wenyeji. Ngara ikaanza kuona vilima vyake vikiachwa wazi kwa kukatwa kuni, huku foleni za maji zikirefuka.

Serikali huamuaje la kufanya katika hali kama hiyo? Wasomi walikuwa na majibu yao kuhusu kinachoamua sera ya nje ya nchi changa. Mwaka 1966, Mmarekani James Rosenau alisema kwamba katika nchi zisizoendelea, kiongozi mwenyewe ndiye mwenye uzito mkubwa. Mwalimu Nyerere alikuwa mfano mzuri: Desemba 1965 alivunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia, akawakaribisha wakimbizi, na mwaka 1983 akatunukiwa Nishani ya Nansen. Wengine walitazama mfukoni, yaani uchumi. Katika kitabu chake cha 1978, Okwudiba Nnoli aliijadili sera ya Tanzania pamoja na suala la kujitegemea.

Mwaka 1991 Steven David akaleta hoja nyingine: mtawala wa nchi changa hupima hatari za nje na za ndani kwa pamoja, na za ndani ndizo humkosesha usingizi zaidi.

Hoja hiyo inasaidia sana kuelewa yaliyotokea Ngara. Machi 31, 1995, serikali ya Mwinyi ilifunga mpaka na Burundi. Mwalimu alikuwa ameshaondoka Ikulu miaka 10 nyuma, na uchaguzi wa vyama vingi ulisubiriwa Oktoba. Malalamiko ya wenyeji sasa yalikuwa na kura. Desemba 1996, chini ya Mkapa, serikali na UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, zilitangaza kwa pamoja kwamba Wanyarwanda wote warejee kwao kabla ya mwaka kwisha. Karibu watu 500,000 walirudi, baadhi wakizuiwa na askari walipojaribu kukimbilia ndani zaidi ya nchi. Mwaka 1998 ikaja Sheria mpya ya Wakimbizi.

Sahihi ya UNHCR kwenye tangazo la 1996 inakumbusha kwamba pesa za nje bado zina neno. Lakini anayesoma hotuba za Dar es Salaam tu, bila kuuliza kuni na maji vilipatikanaje Ngara, ataona uamuzi bila kuona sababu.