Maswali na majibu: Nani anashika ufunguo wa kumbukumbu za mitandao ya kijamii?

Kila siku mamilioni ya watu huandika, hupiga picha na kurekodi video, kisha huziweka kwenye mitandao ya kijamii. Nyuma ya kurasa tunazozisoma kuna njia nyingine ya kuzifikia kumbukumbu hizo, njia inayotumiwa na programu za kompyuta badala ya macho ya binadamu. Njia hiyo huitwa API.

Kwa njia hiyo watafiti wamefuatilia uchochezi, waandishi wa habari wamekusanya ushahidi, na wafanyabiashara wa siasa wamejichotea habari za watu wasiojua lolote. Katika miaka ya karibuni, kampuni zinazomiliki mitandao hiyo zimeifunga njia hii au zimeitoza ada kubwa. Makala haya yanaeleza jinsi njia hiyo inavyofanya kazi, na kwa nini kufungwa kwake kunamhusu hata yule asiyejua kutunga programu.

API ni nini hasa?

Herufi hizo ni kifupisho cha jina la Kiingereza lenye maana ya mahali ambapo programu moja huzungumza na nyingine. Mfano ulio karibu ni dirisha la benki. Mteja haruhusiwi kuingia katika chumba cha hazina. Husimama dirishani, huonyesha kitambulisho, hujaza fomu, na karani humletea kile tu anachostahili kupewa.

Hazina hapa ni seva za kampuni, fomu ni ombi linalotumwa na programu, na karani ni API. Benki ndiyo inayoamua dirisha lifunguliwe lini, nani ahudumiwe na kwa malipo gani. Jambo hilo la mwisho ndilo kiini cha mabishano yote yaliyofuata.

Twitter ilifungua API yake Septemba 2006, miezi michache baada ya kuanza. Facebook iliwafungulia watengenezaji wa programu jukwaa lake Mei 2007, na mwaka 2010 ikaanzisha mfumo wake uitwao Graph API.

Machapisho hupatikanaje?

Kwanza, anayetaka kutumia API huiandikisha programu yake kwa kampuni husika na kueleza kazi itakayofanya. Akikubaliwa hupewa ufunguo, yaani mfululizo mrefu wa herufi na tarakimu. Iwapo anataka habari za mtu binafsi, mtu huyo naye hutakiwa kutoa idhini. Idhini hiyo hugeuzwa kuwa tokeni, ambayo ni kibali chenye mipaka na mara nyingi chenye muda maalumu.

Pili, programu hutuma ombi. Jibu hurudi katika maandishi yaliyopangwa kwa mfumo uitwao JSON: namba ya chapisho, maneno yake, saa lilipowekwa, namba ya aliyeliweka, na idadi ya waliolipenda au kulisambaza.

Tatu, majibu hayaji yote kwa mkupuo. Huja kwa kurasa, na kila ukurasa huwa na alama inayoonyesha unaofuata. Kwa miaka mingi Twitter ilitoa machapisho 200 kwa ombi moja, na haikuvuka machapisho 3,200 ya karibuni ya akaunti moja. Kwa hiyo aliyeyataka yote hayo alituma maombi 16. Yaliyotangulia hapo hayakupatikana kwa njia hiyo ya kawaida.

Seva pia huhesabu maombi. Anayezidisha hupata jibu lenye namba 429, yaani amevuka kiwango na hana budi kusubiri. Namba 401 humaanisha kwamba kibali hakikubaliki. Namba 404 humaanisha kwamba kilichoombwa hakipo, na hiyo ndiyo namba inayomsikitisha zaidi mtunza kumbukumbu.

Na picha na video?

Hapa wengi hukosea. Jibu la API kwa kawaida halileti picha yenyewe, bali kiungo cha mahali ilipohifadhiwa. Katika Facebook na Instagram viungo hivyo hufa baada ya muda. Aliyehifadhi kiungo bila kupakua picha, akirudi baadaye huenda asikute kitu.

Jambo la pili ni kwamba mitandao mingi huondoa maelezo yaliyofichwa ndani ya picha, kama vile aina ya kamera na mahali ilipopigwa. Saa inayotolewa na API ni saa ya kuchapishwa. Haithibitishi saa ya tukio. Video ya miaka 5 iliyopita inaweza kuwekwa leo asubuhi na kuonekana mpya.

Kwa sababu hiyo wachunguzi makini huhifadhi vitu vinne pamoja: faili lenyewe, anwani ya chapisho, saa waliyolipakua, na hesabu ya utambulisho wa faili. Hesabu hiyo ni mfululizo wa tarakimu na herufi unaotokana na faili zima. Likibadilishwa hata kidogo, hesabu nayo hubadilika. Hivyo mahakama inaweza kuonyeshwa kwamba faili halikuguswa tangu lilipopakuliwa.

Habari za watumiaji zilivujaje?

Katika toleo la kwanza la Graph API, mtu aliyeikubali programu fulani aliweza kuiruhusu ichukue pia habari za marafiki zake. Marafiki hao hawakuulizwa. Facebook ilitangaza kuuziba mwanya huo Aprili 2014, na toleo hilo likakoma Aprili 2015.

Kabla ya hapo, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Aleksandr Kogan, alikuwa ametumia programu ya maswali ya haiba. Watu wapatao 270,000 waliipakua. Kwa kupitia marafiki zao, Facebook ilikiri baadaye kwamba habari za watu wanaoweza kufikia milioni 87, wengi wao Wamarekani, huenda zilifika isivyostahili katika mikono ya kampuni ya Cambridge Analytica. Magazeti ya Observer la Uingereza na New York Times la Marekani yaliifichua kashfa hiyo Machi 2018. Mwaka 2019 Facebook ilikubali kulipa faini ya dola bilioni 5 nchini Marekani.

Afrika Mashariki nayo ilitajwa. Mwezi huo huo wa Machi, televisheni ya Channel 4 ya Uingereza ilitangaza mazungumzo yaliyorekodiwa kwa siri, ambamo mkurugenzi mmoja wa Cambridge Analytica alijigamba kuhusu kazi waliyokifanyia chama cha Jubilee nchini Kenya. Hata hivyo, kazi hiyo na habari zile za watu milioni 87 ni mambo mawili tofauti, na haifai kuyachanganya.

Kuna kisa kingine kisichokumbukwa sana. Oktoba 2016, tawi la California la jumuiya ya haki za kiraia ya ACLU lilifichua kwamba kampuni ya Geofeedia ilikuwa ikipata habari kutoka Facebook, Instagram na Twitter kupitia njia zilizowekwa kwa ajili ya watengenezaji wa programu. Kampuni hiyo iliwauzia polisi wa Marekani huduma za upelelezi, zikiwemo za kuwafuatilia waandamanaji. Mitandao hiyo mitatu ikaifungia.

Kwa wale walioyakimbia makwao kwa sababu ya kalamu au msimamo wao, somo la kisa hicho ni zito. Dirisha linalomhudumia mtafiti ndilo hilo hilo linaloweza kumhudumia askari kanzu. Aliyeweka picha ya mkutano wa amani huenda amewataja, bila kukusudia, wote waliokuwa nyuma yake.

Kwa nini madirisha yalifungwa?

Sababu iliyotolewa kwanza ni ulinzi wa faragha. Baada ya kashfa ya mwaka 2018 Facebook ilipunguza sana vibali vyake. Sababu ya pili ni fedha, na ilijitokeza waziwazi mwaka 2023, wakati kampuni za akili bandia zilipokuwa zikiyachota maandishi ya mitandao ili kufundishia mitambo yao.

Januari 2021 Twitter ilikuwa imewafungulia watafiti wa vyuo kumbukumbu zake zote tangu mwaka 2006, bila malipo, kwa kiwango cha machapisho milioni 10 kwa mwezi. Mwaka 2023, chini ya mmiliki mpya, Elon Musk, mpango huo ulikufa. Aliyelipa dola 100 kwa mwezi aliruhusiwa kusoma machapisho 10,000 tu. Vyombo vya habari viliripoti kwamba vifurushi vya kampuni kubwa vilianzia dola 42,000 kwa mwezi.

Mwaka huo huo Reddit ilianza kutoza senti 24 za Kimarekani kwa kila maombi 1,000. Maelfu ya majukwaa yake yalifungwa kwa muda ili kupinga hatua hiyo, lakini ada ikabaki.

Tarehe 14 Agosti 2024, Meta, kampuni mama ya Facebook, ilikizima chombo kiitwacho CrowdTangle, ambacho vyumba vingi vya habari vilikitumia kuona machapisho yanayosambaa kwa kasi. Mahali pake pamewekwa maktaba ambayo watafiti huomba kibali cha kuitumia. Vyumba vya habari vya kibiashara havikupewa nafasi ile waliyokuwa nayo.

Hasara ni ya nani?

Agosti 2017 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ICC, ilitoa hati ya kumkamata kamanda wa Libya, Mahmoud al-Werfalli, kwa tuhuma za mauaji. Hati hiyo ilitegemea kwa kiasi kikubwa video zilizosambazwa kwenye mitandao ya kijamii. Laiti zingefutwa kabla ya kuhifadhiwa, kesi ingekuwa na sura nyingine.

Gambia nayo iliionja shida hiyo. Ilipoishitaki Myanmar kwa mauaji ya halaiki dhidi ya Warohingya, iliomba mahakama ya Marekani iiamuru Facebook itoe machapisho iliyokuwa imeyafuta mwaka 2018 kutoka kurasa zilizohusishwa na jeshi la nchi hiyo. Septemba 2021 hakimu alikubali. Desemba mwaka huo huo, jaji wa mahakama hiyo hiyo akaitengua sehemu ya amri hiyo. Machapisho yaliyowahi kusomwa na umma mzima yakawa sasa yanadaiwa mahakamani.

Kenya ina mfano wake. Tarehe 25 Juni 2024 waandamanaji waliopinga Muswada wa Fedha walipigwa risasi nje ya Bunge mjini Nairobi. Aprili 2025 kitengo cha BBC Africa Eye kilionyesha uchunguzi uliochambua zaidi ya picha 5,000 za tukio hilo ili kuwatambua waliofyatua risasi. Kazi kama hiyo huwezekana pale picha zinapopatikana, tena zikiwa na asili inayojulikana.

Watafiti wa Twitter walikumbwa na tatizo la ziada. Kanuni za kampuni ziliwaruhusu kupeana kwa wingi namba tu za machapisho, si maneno yake. Aliyepokea namba hizo alilazimika kurudi kwenye API kuyaomba maneno. Bei ilipopanda, mikusanyo mingi iliyogharimu miaka ya kazi ikawa kama makasha yaliyofungwa na ufunguo kubaki kwa mwingine.

Sheria zinasema nini?

Umoja wa Ulaya umekwenda mbali zaidi. Sheria yake ya Huduma za Kidijitali ya mwaka 2022, kifungu cha 40, inaitaka mitandao mikubwa iwafungulie data watafiti waliohakikiwa. Desemba 2025 Tume ya Ulaya iliitoza X, zamani Twitter, faini ya euro milioni 120, na moja ya makosa yaliyotajwa ni kuwazuia watafiti wasifikie data za umma.

Lakini sheria hiyo inahusu hatari zinazoikabili Ulaya. Mtafiti wa Dodoma au Bujumbura anayechunguza uchochezi wa nyumbani kwake hawezi kuitegemea. TikTok nayo, ilipoanzisha API ya watafiti mwaka 2023, ilianza na Marekani, kisha Ulaya.

Afrika Mashariki imejikita zaidi katika faragha. Kenya na Uganda zilipitisha sheria za ulinzi wa data mwaka 2019. Sheria ya Tanzania ilipitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023. Hizo zinamlinda raia dhidi ya anayechukua habari zake. Hazimpi mtafiti njia ya kuzifikia kumbukumbu za umma zilizo mikononi mwa kampuni za kigeni.

Msomaji afanye nini?

Kwanza, afungue mipangilio ya akaunti yake na kutazama orodha ya programu alizowahi kuzipa idhini. Asizozitumia aziondoe.

Pili, apakue nakala ya kumbukumbu zake mwenyewe. Facebook imeruhusu jambo hilo tangu mwaka 2010, na Google tangu mwaka 2011. Nakala hiyo aihifadhi mahali salama, maana ina ujumbe wake wa faragha pia.

Tatu, anayekutana na picha au video yenye uzito wa ushahidi asitegemee kuiona tena kesho. Apakue faili, aandike anwani na saa, na asiisambaze kabla ya kufikiria usalama wa wanaoonekana ndani yake.

Ufunguo wenyewe ungali mikononi mwa kampuni chache. Zilipofungua madirisha yao hazikuwauliza wenye habari, na zilipoyafunga hazikuwauliza pia. Swali linalosubiri majibu ya mabunge yetu si kama dirisha liwe wazi au lifungwe, bali nani amsimamie karani.