Taa ya mbele tunayo. Ya nyuma je?

Wasee, siku moja simama kando ya barabara ya Embu kwenda Meru, pale Runyenjes au Chuka, saa moja jioni. Angalia baiskeli zikija. Mbele utaona kamwanga. Ikishakupita, geuka uitafute. Hakuna kitu. Imemezwa na giza.

Niliacha chuo lakini sikuacha kuuliza maswali, na swali langu ni hili: taa ya baiskeli imebadilika hivi yote, mbona mgongo wetu bado uko gizani?

Kwanza ujue giza ya huku haibembelezi mtu. Ikweta inapita karibu na Nkubu, kwa hivyo mwaka mzima jua linazama kama saa kumi na mbili na nusu, na muda mfupi baadaye ni usiku kamili. Hiyo ndiyo saa watu wanatoka shamba, soko na kibarua.

Taa za kwanza za baiskeli huko Ulaya zilichoma mafuta. Mwisho wa miaka ya 1800 zikaja za kabaidi: maji yanadondokea kabaidi, gesi inatoka, unaiwasha na kiberiti. Baadaye ikaja dainamo. Mwaka 1936 kampuni ya Sturmey-Archer ya Nottingham ilianza kuuza dainamo inayokaa ndani ya gurudumu. Lakini ile wazee wetu wanakumbuka kwa Black Mamba ni ile ndogo kama chupa, inayosugua tairi.

Sasa fikiria hiyo dainamo kwa milima yetu. Ukipanda pole pole, taa inafifia. Ukiteremka kwa kasi kuelekea mto Thuci, balbu inaweza kuungua. Matope mekundu yakishika tairi, dainamo inateleza. Na ukisimama kupumua, taa inazima kabisa. Yaani unapotea barabarani hasa wakati umechoka.

Ndio wengi wakafunga tochi kwa usukani na kipande cha tyubu. Tochi ilitaka mawe, na mawe yalitoka Nakuru, kwa kiwanda cha Eveready kilichoanza 1967. Babu yangu alikuwa anaanika mawe juani ayakamue usiku mmoja zaidi. Halafu 2003 Nokia wakatoa 1100, ile simu tuliita mulika mwizi, na watu wakaanza kuendesha na mkono mmoja, simu kwa ule mwingine.

Mwaka 2014 mambo mawili yalifanyika. Kiwanda cha Nakuru kilifungwa. Na Akasaki, Amano na Nakamura wakapewa tuzo ya Nobel ya fizikia kwa kuvumbua LED ya bluu, ile iliyofanya LED nyeupe iwezekane. LED inakula umeme kidogo sana. Leo kataa kadogo ka kuchaji kanaangaza kuliko dainamo ya babu.

Lakini ona, karibu hatua zote hizo zilikuwa za kumsaidia mwenye baiskeli aone. Taa ya nyuma ni stori tofauti. Haikusaidii kuona chochote. Ni ujumbe kwa mtu mwingine. Huko Uingereza chama cha waendesha baiskeli kiliikataa miaka mingi, kikisema ni jukumu la dereva kuendesha kwa kasi ambayo anaweza kusimama akiona kitu mbele. Vita ya pili ya dunia ilipofanya miji izimwe taa, taa nyekundu ikawa lazima.

Kusema kweli, hicho chama kilikuwa na pointi. Dereva anafaa kupunguza mwendo. Lakini mimi naijua barabara ya Maua, najua vile magari ya miraa hutembea, na najua mteremko wa daraja la Nithi. Kuwa na haki hakukusaidii kama aliyekugonga hakukuona kabisa.

Kwa hivyo kama una pesa ya taa moja tu, mimi nasema anza na ya nyuma. Huna? Bandika kiakisi chekundu. Hata hicho huna? Paka madigadi ya nyuma rangi nyeupe. Barabara ya kwenda nyumbani unaijua hata gizani. Dereva aliye nyuma yako hakujui.