Mshuko, si "Ufikiaji wa Umma wa Fukwe"

Rasimu ya mpango wa mji mmoja wa pwani yetu imenipitia mkononi, na sura yake moja imepewa kichwa hiki: "Ustahimilivu wa Pwani na Uboreshaji wa Ufikiaji wa Umma wa Fukwe." Msomaji ajaribu kukitamka kwa pumzi moja. Mkazi wa Kunduchi au Kigamboni akikisikia atadhani anauziwa kiwanja.

Ustahimilivu nauacha. Umeshazoeleka, ingawa neno ambalo shina lake la Kiarabu ni kubeba mzigo linaufaa ukuta wa saruji kuliko mchanga, ambao kazi yake ni kuondoka na kurudi. Ugomvi wangu ni na huo ufikiaji.

Hakuna mvuvi aliyepata kuaga nyumbani kwake kwa kusema "naufikia ufukwe". Husema anashuka pwani, na husema hivyo hata pale ambapo mteremko hauonekani kwa macho. Mchuuzi wa samaki hushuka na ndoo yake, watoto hushuka kuogelea. Kitenzi kipo, kinatumika kila siku, na kutokana nacho tunapata mshuko kwa njia ileile ambayo funga imetupa mfungo na enda ikatupa mwendo. Kiambishi hiki -o ni hodari kuliko wanavyodhani wanaotunga kwa kuogopa. Tazama vuka: kivuko ni mahali pa kuvukia, kisha kikawa hata chombo chenyewe, na abiria wa Likoni na Kigamboni hawajawahi kuchanganyikiwa. Mshuko nao ubebe yote mawili, njia ya kushukia na haki ya kushuka.

Na pwani ni nini? Ni pwa na -ni ya mahali: pale maji yanapokupwa. Wahenga walilipa jina eneo ambalo bahari hulifunika na kulifunua kabla mpimaji yeyote hajaja na vigingi vyake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 62, inaihesabu ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Huku Tanzania, kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 za ufukwe wa bahari. Maneno mazuri. Lakini ukanda wa umma uliozibwa kwa kuta upande wa barabara ni wa umma kwa samaki tu. Kinachokosekana ni mshuko, na kwa kuwa hatukuwa tumekubaliana jina lake, limeandikwa jina la kitendo, "ufikiaji", ambalo halina wingi, halipimiki kwa futi kamba, wala halichoreki kwenye ramani. Mwenye hoteli akimruhusu mwananchi apite mbele ya mlinzi baada ya kuandika jina kitabuni, atasema ufikiaji upo. Mshuko ama upo ama haupo. Na una wingi: mishuko.

Pendekezo hili nililipeleka kwa maandishi kwenye kamati moja ambayo adabu inanizuia kuitaja. Nilijibiwa kwamba mshuko ni neno la msikitini, kwa kuwa tunasema mshuko wa Ijumaa, wakati waumini wanapotoka kuswali. Hoja ya ajabu! Alasiri nayo imetoka hukohuko, na kamati hiyohiyo huitumia kuitishia vikao. Isitoshe, mfano huo unanisaidia mimi: mshuko wa Ijumaa ni wa watu wote kwa pamoja, na hakuna anayeombwa kadi mlangoni.

Mwenzetu mmoja, msomi kwa kweli, amependekeza ushoroba. Ushoroba tumeshawapa tembo, na sioni sababu ya kuwanyang'anya. Mwingine analeta mteremko, kana kwamba hajui mitaani mteremko ni jambo jepesi lisilotolewa jasho. Na kushuka pwani penye mageti ya mabati si mteremko hata kidogo.

Kuna pia sababu ya bahari yenyewe. Dar es Salaam, wakati wa bamvua, maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Penye ukuta wa kuzuia mawimbi, maji yakijaa hakubaki mchanga wa kukanyaga, kwa hiyo aliyeshukia mbali hawezi kutembea kandokando akafika anakokwenda. Mishuko lazima ikaribiane. Kunduchi inajulikana: mchanga ulichimbwa kwenye mito iliyokuwa ikiilisha pwani hiyo, zikajengwa kuta fupi za mawe zinazoingia baharini, na kuta hizo hunasa mchanga upande mmoja huku upande wa pili ukiliwa. Ardhi ikiliwa, mwisho wa mshuko hugeuka genge, na hapo panatakiwa ngazi. Mpango uliouandika mshuko utakumbuka ngazi. Uliouandika ufikiaji utajenga ukuta mrefu ulionyooka na kuuita ustahimilivu.

Matumizi: mshuko wa miguu, mshuko wa vyombo, mshuko wa umma, kibao kiandikwe "Mshuko" na namba yake.

Wenzetu wa mipango miji, kabla hamjatuletea rasimu nyingine, tuambieni mji una mishuko mingapi, iko mitaa gani, na kila mmoja una upana wa mita ngapi.