Shujaa wa Mongo na Sauti Kutoka Unguja

Tarehe 8 Disemba 1980 kundi la muziki wa roki la Queen lilitoa nchini Uingereza santuri yake ya tisa, Flash Gordon. Vipande vyake 18 vilifuata kisa kimoja tangu mwanzo hadi mwisho: kisa cha kijana wa Kimarekani aliyefikishwa kwa chombo cha angani katika sayari ya Mongo, akapambana na Ming, mfalme dhalimu aliyekusudia kuiangamiza dunia. Mwimbaji mkuu wa kundi hilo, Freddie Mercury, alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara. Kwa hiyo mpenzi wa ushairi wa visiwani ana sababu ya kuitegea sikio santuri hii, na kuuliza swali ambalo kila utenzi wa vita huliibua: shujaa hupewa sura ya nani, na adui hupewa sura ya nani?

Flash Gordon alitoka katika kalamu ya mchoraji Alex Raymond. Hadithi yake ya picha ilianza kuchapishwa magazetini Marekani tarehe 7 Januari 1934, ili kushindana na ile ya Buck Rogers iliyoanza mwaka 1929. Alimtangulia Superman kwa miaka minne, walakini hakujaaliwa nguvu za miujiza. Haruki angani kwa mwili wake, wala ngozi yake haizuii risasi. Silaha yake kubwa ni ujasiri. Mwaka 1936 aliingia katika sinema ya sehemu 13, akiigizwa na Buster Crabbe. Miaka mingi baadaye George Lucas alitamani kuitengeneza upya hadithi hiyo, akakosa haki zake, akabuni ya kwake, Star Wars, iliyotoka mwaka 1977. Mafanikio ya filamu hiyo ndiyo yaliyowafungulia njia mtayarishaji Dino De Laurentiis na mwongozaji Mike Hodges kumrejesha Flash Gordon mwaka 1980. Muziki wakakabidhiwa Queen, na sehemu za okestra akatunga Howard Blake.

Katika miaka ya 1970 Queen walijigamba juu ya majalada ya santuri zao kwamba hawakutumia kinanda cha kutengeneza sauti kwa umeme. Mwaka 1980 waliiacha ahadi hiyo, na katika Flash Gordon kinanda hicho ndicho kinachojenga anga, mapango na makasri ya Mongo. Nyimbo zenye maneno kamili ni mbili tu, ule unaofungua na ule unaofunga. Baina yao ni ala, zikichanganywa na sauti za waigizaji wenyewe, hata msikilizaji asiyeiona filamu akaweza kukifuata kisa. Ming anapotaka kumwoa Dale kwa nguvu, gitaa la Brian May linapiga wimbo wa arusi wa Wagner kwa ukali unaoigeuza furaha kuwa tishio. May alikuwa mtu wa kufaa kwa kazi hiyo: alisomea elimu ya nyota katika chuo cha Imperial, London, akauacha utafiti wake kwa ajili ya muziki, na kutunukiwa shahada ya uzamivu mwaka 2007.

Wimbo wa kwanza ni utungo wake. Mdundo mmoja unarudiwa mfululizo kama moyo wa mtu anayekimbia, kisha jina la shujaa linapazwa kwa sauti za wengi. Aliyezoea kuitikia kibwagizo atalijua pigo hilo mara moja. Hata hivyo, katikati ya kishindo sauti zinashuka, na sifa zinageuka: msifiwa ni binadamu wa kawaida. Hiyo ndiyo nguvu ya wimbo huo. Anayesifiwa kwa nguvu asizopata mwingine hutushangaza tu. Anayesifiwa kwa uthabiti ambao kila mtu angeweza kuwa nao hututaka nasi tusimame.

Lakini sifa za huyu zina kivuli. Raymond alimchora Ming kwa sura ambayo Wamagharibi wa zama zake walimpa Mwasia waliyemhofu, na katika filamu sura hiyo ilivaliwa na Max von Sydow, mzaliwa wa Uswidi. Filamu ilipotolewa upya Uingereza mwaka 2020, iliandamana na tahadhari kuhusu taswira za kibaguzi.

Na muziki wa baraza la Ming, mzito na wa taratibu, aliutunga Mercury. Wazazi wake walikuwa Maparsi kutoka India. Baba yake alikuwa karani katika serikali ya kikoloni Unguja. Yeye alisomea bweni Panchgani, India, akarejea kisiwani mwaka 1963, na mwaka uliofuata, baada ya Mapinduzi, jamaa yote ikahamia Uingereza. Haifai kumtilia kinywani maneno asiyoyasema. Linalosikika ni kwamba mtoto wa jamaa ya Kiasia alimpa adui haiba yake, kisha akamwimbia shujaa mwenye nywele za dhahabu, na sauti yake ikamtosha kila mmoja.

Filamu haikuvuma Marekani kama ilivyotarajiwa. Santuri ilifika nafasi ya 10 Uingereza na ya 23 Marekani. Mercury alifariki tarehe 24 Novemba 1991. Leo wengi wanaoliitikia jina la Flash hawajapata kuona hata ukurasa mmoja wa michoro ya Raymond. Mchoraji alimzaa shujaa na kumpangia maadui kwa hofu za wakati wake. Waimbaji ndio waliomtia pumzi, na mmoja wao alitoka upande ule ule wa dunia uliochorewa maadui.