Picha tatu za mlango mmoja

Toleo hili nimeomba nafasi niandike historia. Si ile ya vita wala ya mikataba ya amani, hiyo wazee wetu wanaiandika vizuri kuliko mimi. Nataka kueleza jambo linalotusumbua kila wiki kwenye kikundi cha picha pale kituo cha vijana. Tukipiga picha mchana, uso wa mtu unamezwa na giza. Tukirekebisha simu mpaka uso uonekane, nje panageuka weupe mtupu, miti hakuna, jirani hakuna. Vijana wanasema ni ubovu wa simu. Simu zetu ni mbovu kweli, lakini tatizo hili lina zaidi ya miaka 150 na limewatesa watu waliokuwa na vifaa vya bei kubwa.

Ingia saa saba mchana kwenye nyumba yoyote ya matofali ya udongo hapa Nyarugusu, usimame ndani, utazame mlangoni. Utaona sufuria kwenye kona, na utaona pia shitingi ya jirani inavyong'aa nje. Jicho linahangaika huku na huku, mboni inafunguka na kujifunga, ubongo unajumlisha. Kamera haina subira hiyo. Inafungua mara moja, inafunga, basi. Wapiga picha wanahesabu mwanga kwa hatua, na kila hatua ni mwanga mara mbili ya ile iliyotangulia. Hatua kumi tu ni mara 1,024. Kutoka kwenye kona ya sufuria mpaka kwenye shitingi ya nje tofauti inaweza kupita hapo, na kamera ndogo ya simu haiwezi kubeba yote kwa mkupuo mmoja. Lazima ichague.

Mtu wa kwanza ninayempenda kwenye hadithi hii ni Gustave Le Gray, Mfaransa. Miaka ya 1856 na 1857 alikuwa anapiga picha za bahari. Wakati huo walipiga kwa kioo kilichopakwa dawa, na dawa ile ilikuwa na ulafi wa rangi ya buluu. Anga lilikuwa linaungua jeupe kabla mawimbi hayajaanza kuonekana. Le Gray akapiga kioo kimoja kwa ajili ya bahari na kingine kwa ajili ya mawingu, halafu akavichapa kwenye karatasi moja, kiungo akikificha kwenye mstari ambapo maji yanakutana na anga. Picha yake ya wimbi kubwa pale Sète, mwaka 1857, ilitengenezwa hivyo. Watu waliiona na kushangaa, hawakuwa wamewahi kuona picha yenye bahari na mawingu pamoja namna ile.

Niseme pembeni kidogo: huyu Le Gray biashara ilimshinda, mwaka 1860 akaondoka Ufaransa na kuacha mke na watoto, akazunguka mpaka akafika Misri. Akaishi Cairo akifundisha kuchora, akafia huko mwaka 1884. Hakurudi tena. Hapa kambini hatuhitaji kuelezwa maisha ya namna hiyo.

Wakati huohuo Uingereza kulikuwa na Oscar Rejlander, mzaliwa wa Sweden. Mwaka 1857 aliunganisha vioo zaidi ya 30 kuwa picha moja kubwa ya watu wengi, wema upande mmoja na waovu upande mwingine. Malkia Victoria akanunua nakala. Mwaka uliofuata Henry Peach Robinson akatoa picha ya msichana anayekufa kitandani, familia imemzunguka. Ilitokana na vioo vitano. Hapo maneno yakaanza. Kuna waliosema huzuni kama ile si ya kupigwa picha, na kuna walioona wamedanganywa, maana msichana hakuwa anakufa, walikuwa watu waliopangwa.

Nadhani ugomvi ule ulichanganya mambo mawili, na mpaka leo yanachanganywa. Le Gray alikuwa amesimama mbele ya bahari akaona mawingu na mawimbi kwa macho yake, kamera ndiyo ilimnyima. Ingawa na yeye, tuseme ukweli, wakati mwingine alitumia mawingu yaleyale kwenye bahari tofauti! Robinson alitengeneza tukio ambalo halikutokea. Kurudisha alichokinyima kifaa ni kazi moja. Kutunga kisichokuwepo ni kazi nyingine, inaweza kuwa nzuri sana, ila mwambie mtazamaji.

Kwa miaka mingi baadaye kazi ikawa ya mikono gizani. Zone yetu kuna mzee aliyekuwa na studio Uvira, na vijana walipomuuliza, "Mzee wetu, mlifanyaje bila kompyuta?" alicheka, akachukua waya wa baiskeli na kipande cha katoni, akawaonyesha. Mwanga wa mashine ukiwa unashuka kwenye karatasi, unapitisha kikatoni juu ya uso ili usipate mwanga mwingi, maana pale karatasi ikipata mwanga inakuwa nyeusi. Anga unaliacha lichomwe zaidi. "Na mukono usisimame," akasema, "ukisimama alama inabaki." Kumbukeni hayo maneno ya mukono, tutayarudia kwenye kompyuta.

Lakini mzee alisema na jambo lingine: filamu zenyewe zilikuwa na upendeleo. Ni kweli na imeandikwa. Kampuni ya Kodak ilikuwa ikizipelekea maabara kadi za picha ya mwanamke mweupe, wenyewe waliziita kadi za Shirley, ili mashine zirekebishwe mpaka ngozi yake itoke vizuri. Ngozi yake ndiyo ilikuwa kipimo. Darasa likiwa na watoto weupe na weusi kwenye picha moja, mweusi alitoka macho na meno tu. Wazazi weusi Marekani walilalamika. Waliokuja kusikilizwa kwa haraka zaidi, kwa maelezo ya watu waliofanya kazi humo, ni watengenezaji wa samani na wa chokoleti, waliotaka rangi zao za kahawia zitofautiane kwenye matangazo. Mbao na peremende, ndugu zangu.

Mtu anaweza kusema, uso kutoonekana kwenye picha una shida gani kubwa? Akumbuke Goma. Baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda mwaka 1994, makambini kulikuwa na maelfu ya watoto waliopotezana na wazazi. Mashirika yakawapiga picha mmojammoja, picha zikabandikwa kwenye mbao, na watu wakawa wanapita mbele yake wakitafuta sura ya mtoto wao. Mtoto mdogo hajui jina la wilaya yake, pengine hata la baba yake. Uso ndio hati yake. Mpiga picha aliyeruhusu uso ule upotee kwenye kivuli alikuwa anampoteza mtoto mara ya pili.

Hatua iliyofuata ilitoka mahali pa kutisha. Marekani walipokuwa wakijaribu mabomu ya nyuklia walitaka kuona moto wenyewe, na hakuna filamu iliyoweza kushika mwanga ule pamoja na kitu kingine chochote. Charles Wyckoff akatengeneza filamu ya tabaka tatu: moja ya kushika mwanga haraka, moja ya kati, moja nzito sana. Ni kama kupiga picha tatu kwa mpigo mmoja. Na tusisahau kuwa bomu la Hiroshima, la mwaka 1945, sehemu kubwa ya urani yake ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga. Kongo haikosekani kwenye hadithi za watu wengine.

Kompyuta zilipokuja, wazo la Wyckoff likahamia humo. Mwaka 1995 Steve Mann na Rosalind Picard, Marekani, walieleza jinsi ya kuunganisha picha za dijitali zilizopigwa kwa viwango tofauti vya mwanga. Mwaka 1997 Paul Debevec na Jitendra Malik wakaonyesha hesabu ya kurudi kutoka kwenye picha mpaka kwenye kiasi cha mwanga kilichokuwepo kweli. Picha yao ikawa na mwanga mpana kuliko kioo chochote cha kompyuta cha wakati ule, ikabidi ibanwe tena ndipo ionekane. Kwa kubanwa huko ndiko zilikotoka zile picha za mawingu ya zambarau na watu wanaong'aa pembeni kama malaika. Mimi sizipendi. Vijana wangu wanazipenda sana, tunabishana kila Jumamosi.

Njia tunayoitumia sisi ni ya mwaka 2007, ya Tom Mertens, Jan Kautz na Frank Van Reeth, wawili kati yao wa Chuo Kikuu cha Hasselt, Ubelgiji. Waliacha ile hesabu ya mwanga halisi. Walisema: chukua picha zako, moja ya giza, moja ya kati, moja angavu. Kila nukta ya kila picha ipewe alama kwa maswali matatu. Hapa mistari inaonekana? Rangi imekolea? Mwanga ni wa kati, haujaungua wala haujazama? Yenye alama nyingi inachangia zaidi. Ila ukichanganya hivyo moja kwa moja viungo vinaonekana vibaya, kwa hiyo walichukua mbinu ya Burt na Adelson ya mwaka 1983: picha inagawanywa, maumbo makubwa yanachanganywa kwa upana na mistari midogo kwa wembamba. Jicho halioni pa kushonea. Kuna programu ya bure inaitwa Enfuse inayofanya hivyo, na haihitaji intaneti ukishaipata.

Simu za bei zinafanya zenyewe. iPhone ilianza mwaka 2010, ikipiga tatu na kuziunganisha. Google wakafuata na njia yao: picha nyingi za haraka, zote za giza kidogo ili anga lisiungue, halafu zinajumlishwa ili zile chenga za kivulini zipungue. Mwaka 2021 Google wakatangaza kwamba wamerekebisha kamera zao ili ngozi nyeusi zitoke sawa. Tumefurahi. Simu hiyo hapa hakuna mwenye nayo.

Basi sisi tunafanya kwa mkono. Simu inaegemezwa kwenye dumu lililojaa maji, na mawe mawili, isitikisike hata kidogo. Unagusa uso kwenye kioo, unashusha mwanga kwa kidole, unapiga. Unarudisha katikati, unapiga. Unapandisha, unapiga. Mtu atulie, maana akisogea atatoka na mikono minne. Kwenye kompyuta ya kituo tunafungua GIMP, picha angavu inakuwa tabaka la juu na ya giza tabaka la chini, la juu tunaliwekea maski. Ukipaka nyeusi kwenye maski, la juu linajificha. Ukipaka nyeupe linarudi. Kwa hiyo mlangoni tunapaka nyeusi ili nje ya ile picha ya giza ionekane, na ndani tunaacha. Brashi iwe laini, na mkono usisimame, kama alivyosema mzee.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya niandike, na hapa nawaomba ndugu wa mashirika nao wasome polepole. Tumelalamika miaka kwamba kwenye ripoti tunatoka vivuli vyeusi mbele ya mahema meupe. Malalamiko ni ya haki. Lakini giza lile mara nyingine ni ngao. Kuna mtu anayeficha uso wake kwa sababu aliyemkimbiza bado anamtafuta, na kuna mpiga picha anayempiga kivuli kwa makusudi ili kumlinda. Mbinu hii ya kuchanganya inafungua kivuli, haiulizi nani amejificha humo.

Mwaka huu vijana walipiga picha ya bibi mmoja ameketi mlangoni kwake, kwa idhini yake. Kwenye picha ya giza na ya kati ulimwona bibi tu. Kwenye ile angavu, binti mmoja wa kikundi alivuta picha karibu akasema ngojeni. Ukutani kulikuwa na kadi ya mgao, namba unasoma vizuri. Na kwenye kona ya kushoto alikuwa ameketi msichana, ambaye wote waliokuwepo nje hawakumwona. Kamera ilimwona. Tulirudi na kompyuta ndogo mpaka nyumbani kwao, tukasema, "Shikamoo bibi, kabla hatujachapa tunaomba uangalie." Akaangalia muda mrefu. Akajishangaa kwanza mwenyewe, kwamba uso wake unaonekana mpaka makunyanzi. Halafu akagusa kona kwa kidole. "Huyu mutoto mumuache mu giza. Mimi, munionyeshe."

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Binti alipaka nyeusi kwenye maski pale konani na pale penye kadi, la chini likaonekana, giza likabaki kama lilivyokuwa kwenye picha ya kwanza. Hakufuta mtu na hakuongeza kitu.

Picha iko ukutani pale kituoni, karibu na dirisha, karibuni muione. Chini yake tumeandika: picha tatu za mlango mmoja, zimeunganishwa. Kona ya kushoto imeachwa giza kwa ombi la mwenye nyumba.