Kungwi na Ukoo wa Baba
Mzanzibari wa Satwa, mjini Dubai, hutaja ukoo wake kwa baba, na sheria ya uraia ya Imarati ya mwaka 1972 nayo hutanguliza damu ya baba. Lakini Unguja, walikotoka wengi waliohamia Ghuba baada ya Mapinduzi ya 1964, ilikuwapo elimu iliyorithiwa kwa wanawake tu. Kungwi, aghalabu mwenye asili ya utumwa kutoka bara, alimfunda mwari siri za mwili na za chumbani kwa ngoma na nyimbo za unyago. Hata binti wa kiungwana aliketi kumsikiliza. Mle ndani mjakazi ndiye aliyekuwa mwalimu. Majina ya mababu yaliingia katika hati. La kungwi halikuingia.