Neno Lililotolewa kwa Mzushi: Konstanz 1415 na Worms 1521

Kutimiza ahadi kwa rafiki si jambo gumu sana. Hata watu wasiomcha Mungu hutimiza neno lao pale wanapotarajia kutendewa vivyo hivyo. Swali lililolisumbua Kanisa kwa karne nyingi ni jingine: je, Mkristo amefungwa na neno lake hata kama amelitoa kwa mtu anayemhesabu kuwa adui wa imani? Nasi wachungaji twalikuta swali hilo katika kazi yetu, ijapokuwa halivai joho la kitaalamu. Kuna mapatano ya mpaka wa shamba na jirani Mwislamu. Kuna ahadi ya baraza la wazee kwa mwinjilisti ambaye baadaye amehamia dhehebu jingine. Kuna kiapo cha ndoa kwa mume aliyeiacha imani. Hapo husikika sauti ikisema kwamba mtu huyo amejitoa mwenyewe, kwa hiyo hatudai kitu. Katika makala hii twapenda kuonyesha kwamba sauti hiyo ni ya zamani, kwamba ilipimwa mbele ya macho ya Ulaya yote kule Konstanz na kule Worms, na kwamba sisi Walutheri tuna sababu ya pekee ya kuijali, maana uhai wa Martin Luther uliwahi kutegemea karatasi moja yenye mhuri.

Tuanze na Konstanz. Mtaguso Mkuu uliofunguliwa katika mji huo tarehe 5 Novemba 1414 ulikuwa na kazi kubwa ya kuondoa aibu ya Kanisa la Magharibi, lililokuwa na mapapa watatu kwa wakati mmoja. Mfalme Sigismund, aliyeuhimiza mtaguso huo, alitaka pia kuliondoa tatizo la Bohemia, nchi ambayo yeye mwenyewe alitazamia kuirithi kwa ndugu yake. Kule Praha mhubiri Jan Hus alikuwa amewavuta watu wengi kwa mahubiri yake dhidi ya dhambi za makasisi na uuzaji wa rehema. Sigismund alimwalika aje kujieleza, akamwahidi usalama. Hus aliondoka tarehe 11 Oktoba 1414 kabla ya hati kumfikia, akilitegemea neno la mfalme. Hati yenyewe ilitiwa sahihi mjini Speyer tarehe 18 Oktoba, ikampata akiwa amekwisha kufika Konstanz. Iliwaagiza watu wote wa dola wamwache apite, akae, atulie na kurudi kwa uhuru.

Tarehe 28 Novemba alikamatwa. Akafungwa katika nyumba ya watawa Wadominiko iliyokuwa kisiwani, karibu na maji machafu, akaugua sana. Bwana Jan wa Chlum, mmoja wa waungwana waliomsindikiza, alizunguka mjini akiwaonyesha watu hati ya mfalme. Sigismund alipofika na kuzipata habari hizo alikasirika, akatishia kuondoka. Makardinali wakamjibu kwamba, ikiwa mfalme anauzuia mtaguso kumhukumu mzushi, mtaguso utavunjika. Basi mfalme akapima mambo mawili: kwa upande mmoja umoja wa Kanisa lote, kwa upande mwingine mhubiri mmoja kutoka Praha. Tusimcheke upesi. Wangapi kati yetu, tukiwa kwenye kikao cha dayosisi, tungesimama upande wa mtu mmoja ikiwa tumeambiwa kwamba kusimama huko kutaleta mfarakano? Sigismund alinyamaza, na Hus akachomwa moto tarehe 6 Julai 1415. Majivu yake yalitupwa katika mto Rhine.

Haki yadai tuisikilize pia hoja ya upande wa pili. Wanasheria wa Kanisa walisema kwamba hati ya namna hiyo ilimlinda msafiri dhidi ya wanyang'anyi na jeuri, wala haikumlinda dhidi ya hukumu ya mahakama halali. Tarehe 23 Septemba 1415 mtaguso ulitoa azimio kwamba hati iliyotolewa na mtawala wa dunia haiwezi kuizuia mahakama ya Kanisa isimhukumu mzushi, na kwamba mtawala akiisha kufanya yaliyo katika uwezo wake hana deni tena. Wanahistoria wa Kanisa Katoliki husisitiza kwamba azimio hilo halikufundisha kwa jumla kuwa mwamini aweza kumdanganya mzushi apendavyo. Twakubali. Hata hivyo watu wa Bohemia hawakuisoma tofauti hiyo ya kisheria; waliona mtu wao ameitwa kwa ahadi na amerudishwa kwa habari ya majivu. Tarehe 2 Septemba waungwana 452 walikuwa wamekwisha kutia mihuri yao katika barua ya kupinga.

Gharama yake haikukawia. Ndugu yake Sigismund, Mfalme Wenceslaus, alipofariki mwaka 1419, Wabohemia walimkataa mrithi ambaye neno lake lilikuwa halina thamani. Kati ya mwaka 1420 na 1431 vita vitano vya msalaba vilipelekwa kwao, na vyote vikashindwa. Katika kushindwa kwa mwisho, kule Domažlice tarehe 14 Agosti 1431, alikuwapo mjumbe wa Papa, Kardinali Giuliano Cesarini, ambaye ilimbidi akimbie. Huyo Cesarini ndiye aliyeongoza Mtaguso wa Basel, na aliyoyaona vitani yalimfundisha kwamba lazima watu hao waitwe kuzungumza. Wabohemia hawakukubali kuitwa tu. Kwanza walikutana na wajumbe wa mtaguso kule Cheb mwezi Mei 1432, wakaandika kipengele baada ya kipengele jinsi watakavyokwenda, watakavyosikilizwa na watakavyorudi. Walifika Basel Januari 1433, wakasema waliyotaka kusema, wakarudi kwao wazima. Mwaka 1436 yakatangazwa mapatano ya Jihlava, yaliyowaruhusu walei kupokea kikombe katika Meza ya Bwana, na Sigismund akakubaliwa kuwa mfalme. Alitawala mwaka mmoja na miezi michache tu, kisha akafa. Alichokiharibu kwa kunyamaza kwake mwaka 1414 kilimchukua miaka ishirini na zaidi kukitengeneza.

Inasikitisha kwamba somo hilo halikudumu hata kwa mwalimu wake. Mwaka 1444 Mfalme Władysław wa Poland na Hungaria alifanya mapatano ya amani ya miaka kumi na Sultani Murad wa Pili. Ni Cesarini yule yule aliyemshawishi mfalme kijana kwamba mapatano na wasioamini hayamfungi. Wanahistoria wanabishana mpaka leo kuhusu kiapo chenyewe, kiliapwa lini na kwa maneno gani. Kuhusu matokeo hawabishani. Tarehe 10 Novemba 1444, kule Varna, jeshi la Kikristo lilivunjwa, mfalme akauawa, na Cesarini naye akapoteza maisha. Mapatano ya Jihlava nayo yakafutwa na Papa Pius wa Pili mwaka 1462.

Luther aliifahamu habari ya Hus. Katika mdahalo wa Leipzig mwaka 1519 alikiri kwamba baadhi ya mafundisho yaliyohukumiwa kule Konstanz yalikuwa ya Kikristo kweli kweli, na tangu siku hiyo aliitwa Mbohemia. Wasomaji wengi wanalijua jambo hilo. Jambo lisilotajwa sana ni lile aliloliandika Agosti 1520 katika waraka wake kwa watawala Wakristo wa taifa la Ujerumani. Alipofika kwenye habari ya Wabohemia hakuanza kwa kuyatetea mafundisho ya Hus. Alisema hana nia ya kuamua hapo kama Hus alikosea au hakukosea. Alianza na hati. Aliwataka Wajerumani wakiri kwanza kwamba ahadi ya usalama ilivunjwa kinyume cha amri ya Mungu, kwa kuwa Mungu ameamuru ahadi hiyo itimizwe hata kama dunia ingeangamia, licha ya mzushi mmoja kuachwa huru. Aliongeza kwamba wazushi hushindwa kwa maandiko, si kwa moto. Kwa maneno mengine, hata kama Hus alikuwa mzushi, ahadi ilikuwa ahadi. Miezi minane baadaye yeye mwenyewe alihitaji watu waamini hivyo.

Alikuwa amekwisha kutengwa na Kanisa kwa barua ya Papa ya tarehe 3 Januari 1521. Wito wa Kaisari Karl wa Tano, wa tarehe 6 Machi, uliambatana na hati ya usalama, na tarishi rasmi wa dola, Kaspar Sturm, akatumwa kumsindikiza. Rafiki zake walimkumbusha Konstanz. Alifika Worms tarehe 16 Aprili, akahojiwa tarehe 17, akajibu tarehe 18. Asubuhi iliyofuata Karl, kijana wa miaka 21, alisoma tamko lake mwenyewe. Hakuyumba: alijutia kuchelewa kwake kuchukua hatua juu ya Luther, akaahidi kumshughulikia kama mzushi wa wazi. Lakini katika tamko hilo hilo alisema kwamba Luther atarudishwa kwao kama hati ilivyosema. Walikuwapo watu waliomshauri afuate mfano wa Konstanz. Zasimuliwa habari kwamba alijibu hataki kuona haya usoni kama Sigismund alivyoona; hatuwezi kuithibitisha simulizi hiyo, ila tendo lenyewe limethibitika. Luther alipewa siku 21 za kurudi, akaondoka Worms tarehe 26 Aprili. Amri ya kumtoa katika ulinzi wa sheria ilitiwa sahihi tarehe 26 Mei, wakati yeye amekwisha kufichwa katika ngome ya Wartburg, ambako angeanza kulitafsiri Agano Jipya.

Tukiyatafakari haya kitheolojia, twaona kwamba Maandiko yalikwisha kulikata shauri hili katika Yoshua sura ya 9. Wagibeoni walipata kiapo kwa hila, wakiwa wamevaa viatu vilivyotiwa viraka na kubeba mkate uliokauka. Hawakuwa watu wa agano, na Israeli walikuwa wameagizwa kuwaondoa. Hata hivyo wakuu wa kusanyiko walikataa kuwagusa, kwa sababu walikuwa wamewaapia kwa jina la Bwana. Miaka mingi baadaye Sauli aliwaua Wagibeoni kwa bidii yake kwa ajili ya Israeli, na katika 2 Samweli 21 nchi yapatwa na njaa ya miaka mitatu kwa sababu ya damu hiyo. Twaomba msomaji aliangalie sana neno bidii. Sauli hakuvunja kiapo kwa uvivu wala kwa tamaa ya fedha. Alikivunja kwa ajili ya dini. Vivyo hivyo Konstanz, vivyo hivyo Varna. Kiapo hakiegemei ustahili wa anayeapiwa, bali Jina ambalo kwalo kimeapwa. Na hapo pana uhusiano na kiini cha mafundisho yetu: Luther alifundisha kwamba imani ni kulishika neno la Mungu la ahadi, na ahadi hiyo, kama Paulo aandikavyo katika Warumi 5, ilitimizwa kwetu tulipokuwa tungali adui. Anayehubiri kuhesabiwa haki siku ya Jumapili, kisha Jumatatu akasema kwamba mtu fulani hastahili kutimiziwa ahadi, amehubiri injili mbili.

Walutheri tusijivune. Mwezi Desemba 1539 Luther na Melanchthon walimpa Philipp wa Hessen, mtawala aliyeunga mkono Matengenezo, ushauri wa siri uliomruhusu kuoa mke wa pili huku Christine, aliyefungamana naye kwa kiapo tangu 1523, yu hai. Habari zilipovuja, Luther alishauri zikanushwe. Ushauri huo hauna utetezi, nasi hatutautafutia. Matokeo yake yalikuwa ya kisiasa vilevile: Philipp, kwa kuwa sheria ya dola ilihesabu kosa lake kuwa la kustahili kifo, alilazimika kufanya mapatano na Kaisari mwaka 1541, na umoja wa watawala wa Kiprotestanti ukalegea.

Na Karl? Mwaka 1547, baada ya kuwashinda Waprotestanti, alimpokea Philipp kule Halle. Mkwewe Philipp, Moritz wa Saksonia, pamoja na Joachim wa Brandenburg walikuwa wamemhakikishia kwamba hatafungwa. Philipp alipiga magoti, akaalikwa chakula cha jioni, na usiku ule ule akakamatwa. Kaisari alieleza kwamba alichoahidi ni kutomfunga maisha tu, wala hakuahidi kutomfunga kabisa. Kwa maandishi alikuwa na hoja. Lakini Moritz, ambaye neno lake lilikuwa limefanywa kuwa mtego, hakusahau, na mwaka 1552 alimgeukia Kaisari kwa jeshi hata Karl akakimbia Innsbruck. Philipp akaachiliwa mwaka huo.

Mwandishi Prudencio de Sandoval asimulia kwamba Karl, katika miaka yake ya mwisho kwenye nyumba ya watawa ya Yuste, alizungumza juu ya Worms. Alisema kwamba alikosea kutomwua Luther. Kwamba hakuwa na wajibu wa kulitimiza neno lake kwa mzushi aliyemkosea Mungu, Bwana mkuu kuliko wote. Kijana wa miaka 21 alikuwa ameelewa jambo ambalo mzee hakulielewa tena. Karl alifariki huko tarehe 21 Septemba 1558.